Sir David Bruce, tabibu aliyemfuata mbung'o hadi kwenye ubongo wa binadamu

MSAFIRI atokaye mjini Busia kwa barabara iendayo Malaba, kabla hajaufikia msururu wa malori yanayongoja kuvuka kuingia Uganda, hupita mahali paitwapo Alupe. Siku hizi jina hilo huwakumbusha wengi chuo kikuu kilichopewa hati yake mwaka 2022. Kwa wakazi wenye umri mkubwa, wawe Wateso, Wakhayo au Wasamia, Alupe ni jina la hospitali. Hapo ndipo walipopelekwa wenye ukoma, na hapo ndipo walipopelekwa wale waliosinzia mchana na kukesha usiku, waliotetemeka vidole na ulimi, na ambao hatimaye walishindwa kuwatambua watoto wao wenyewe.

Maradhi hayo ya pili ni malale, ambayo Waganda waliyaita mongota. Kimelea kinachoyasababisha katika ukanda huu wa mpaka kinaitwa kitaalamu Trypanosoma brucei rhodesiense, na neno la katikati katika jina hilo limetokana na mtu mmoja: Sir David Bruce, tabibu wa jeshi la Uingereza aliyefariki London tarehe 27 Novemba 1931. Alikuwa mtu mkubwa wa umbo, mwenye sauti ya amri na ulimi mkali, na sifa yake imekuwa ikijadiliwa tangu akiwa hai. Wapo waliomhesabu miongoni mwa wakuu wa sayansi ya tiba za nchi za joto. Wapo pia waliosema alivuna shamba lililolimwa na wengine. Kumbukumbu zilizobaki zinaonyesha kwamba pande zote mbili zilikuwa na hoja.

Bruce alizaliwa tarehe 29 Mei 1855 mjini Melbourne, Australia, ambako baba yake, fundi mitambo kutoka Scotland, alikuwa amekwenda wakati wa mbio za dhahabu. Akiwa na umri wa miaka 5 alirudishwa Scotland na kulelewa mjini Stirling. Aliacha shule akiwa na miaka 14 na kuajiriwa Manchester, huku ndoto yake ikiwa ni kuwa bondia wa kulipwa. Nimonia aliyougua akiwa na miaka 17 iliizima ndoto hiyo. Mwaka 1876 aliingia Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea elimu ya wanyama, kisha akageukia udaktari na kuhitimu mwaka 1881.

Muda mfupi baadaye alifanya kazi ya udaktari katika mji wa Reigate, kusini mwa Uingereza, na huko ndiko alikokutana na Mary Elizabeth Steele, aliyemzidi umri kwa takriban miaka 6. Walioana mwaka 1883. Ni vigumu kuandika maisha ya Bruce bila ya mwanamke huyu, ijapokuwa walioandika zamani walijitahidi kufanya hivyo. Mary hakuwa na shahada ya udaktari. Alijifunza kutumia hadubini, akatayarisha vioo vya damu, akachora kwa rangi vimelea na nzi kwa usahihi uliozipamba ripoti za mumewe, na akaishi naye katika kambi zote walizopangiwa. Hawakujaliwa watoto.

Mwaka 1884 jeshi lilimpeleka Bruce Malta, kisiwa cha Bahari ya Mediterania ambako askari wa Uingereza walikuwa wakiugua homa ya kupanda na kushuka kwa miezi mingi. Kufikia mwaka 1887 alikuwa amekitambua kijidudu kinachoileta, akikitoa katika wengu wa marehemu. Hii ndiyo homa ambayo wafugaji wa Afrika Mashariki wanaifahamu kwa jina la brusela, linalotokana pia na jina lake. Ilichukua karibu miaka 20 kujua inakotoka. Tume iliyoongozwa na Bruce iliundwa mwaka 1904, na mwaka uliofuata daktari wa Kimalta, Themistocles Zammit, alipima damu ya mbuzi na kugundua kwamba maziwa yao ndiyo yenye maradhi. Askari walipokatazwa maziwa hayo mwaka 1906, homa ilipungua ghafla kambini. Kwa miaka mingi Bruce alitajwa mbele, na Zammit nyuma, kama alitajwa kabisa. Msomaji na alikumbuke jambo hilo, maana halikuwa la kwanza wala la mwisho.

Mwaka 1894 Bruce alipelekwa Natal, kusini mwa Afrika. Gavana wa huko, Walter Hely-Hutchinson, alikuwa amemfahamu Malta, na alimtuma katika nchi ya Wazulu kuchunguza nagana, maradhi yaliyokuwa yakiwamaliza ng'ombe. David na Mary walisafiri kwa gari la maksai hadi mlima Ubombo, wakajenga kibanda cha miti na udongo, na baraza lake likawa maabara. Huko Bruce aliona ndani ya damu ya ng'ombe kitu chembamba chenye mkia, kikijinyonganyonga kati ya chembe nyekundu na kuzisukuma huku na huku. Alipeleka farasi na mbwa katika mapori ya mbung'o, akawazuia wasile wala kunywa chochote cha huko, nao wakaugua vilevile. Kwa njia hiyo alithibitisha jambo ambalo wafugaji Waafrika na wawindaji walikuwa wakilisema tangu zamani, kwamba nzi huyo ndiye anayeleta kifo. Aligundua pia kwamba wanyama wa porini hubeba kimelea hicho bila ya kuonyesha ugonjwa. Mwaka 1899 wanasayansi wa London walikipa kimelea jina la brucei kwa heshima yake.

Mwaka huohuo alikuwa Ladysmith mji ulipozingirwa na Makaburu. Bruce aliendesha hospitali, alipasua majeruhi, na Mary alihudumu kama muuguzi hadi akatunukiwa nishani ya wauguzi wa jeshi.

Wakati Ladysmith ikizingirwa, msiba mwingine ulikuwa umekwisha kuanza kimyakimya kwenye fukwe za kaskazini za ziwa Victoria. Mwaka 1901 ndugu wawili madaktari wa hospitali ya misheni ya Mengo, Albert na Jack Cook, walianza kupokea wagonjwa wa namna wasiyoizoea: watu wazima wenye nguvu waliolegea, wakanyamaza, wakalala katikati ya chakula. Busoga iliwaka moto. Ugonjwa ulishuka pwani hadi Samia, Bunyala na Yimbo, ambako wavuvi na wakulima waliishi karibu na vichaka vya kando ya maji. Kwa jumla, katika Busoga na Buganda, zaidi ya watu 200,000 wanakadiriwa kufa katika miongo miwili ya kwanza ya karne ya 20. Vijiji vizima vilibaki na migomba isiyo na mwenyewe.

Inafaa kukumbuka kwamba hadi Aprili 1902 eneo lote la Busia, Samia na Bunyala lilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Mwezi huo Waingereza walilihamishia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo Kenya ya leo. Mpaka ulisogezwa kwa kalamu, na mbung'o hawakuulizwa. Ugonjwa uliokuwa mmoja ukawa na serikali mbili za kuushughulikia, na hali hiyo iliendelea kuwasumbua madaktari wa pande zote mbili kwa miaka mingi iliyofuata.

Royal Society ya London, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza, ilituma tume ya kwanza mwaka 1902. Wajumbe wake walikuwa vijana watatu: George Carmichael Low, Cuthbert Christy na Mwitaliano Aldo Castellani, aliyekuwa na umri wa miaka 27 tu. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu miezi michache kabla, nao wakaitumia kufika ziwani, wakavuka hadi Entebbe. Low na Christy hawakukaa muda mrefu maabarani. Castellani alibaki, akiamini kwamba chanzo ni bakteria aliyekuwa akimwona kwa waliokufa. Kisha mnamo Novemba 1902, alipokuwa akichunguza maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa mmoja, aliona kitu kingine kikicheza chini ya hadubini. Kilikuwa tripanosoma, jamaa wa kile ambacho Bruce alikiona Ubombo.

Tripanosoma katika damu ya binadamu haikuwa mpya kabisa. Forde na Dutton walikuwa wameiona Gambia katika damu ya nahodha wa mashua ya mtoni, lakini ilidhaniwa kuwa ni ya homa ya kawaida. Kilichokuwa kipya Entebbe ni mahali ilipoonekana. Maji ya uti wa mgongo ni yaleyale yanayouzunguka ubongo. Kimelea kilichokutwa humo kilikuwa kimeuvuka ukuta ambao mwili huujenga kati ya damu na ubongo, na hapo usingizi, mtetemeko na wazimu wa wagonjwa vilianza kuwa na maelezo.

Bruce aliwasili Entebbe Machi 1903 pamoja na Mary, daktari David Nabarro na sajini mmoja wa kuwasaidia. Yaliyotokea katika siku za mwanzo yamesimuliwa kwa namna mbili. Kwa mujibu wa Castellani, yeye ndiye aliyemweleza Bruce siri yake, tena kwa masharti kwamba apewe muda wa kuimaliza kazi na kuichapisha kwa jina lake. Kwa mujibu wa Bruce, kijana yule alikuwa ameviona vimelea vichache na kuvipuuza, akang'ang'ania bakteria wake, hadi mkubwa wake alipomsukuma atazame tena. Kwa wiki chache walifanya kazi pamoja. Castellani alipoondoka Aprili, alikuwa amevikuta vimelea katika wagonjwa 20 kati ya 34, na hakuvikuta kwa hata mmoja kati ya watu 12 wasiokuwa na malale.

Ugomvi uliendelea kwa miaka katika magazeti na vikao vya London. Ronald Ross, aliyekuwa ametunukiwa Nobeli kwa kazi yake ya malaria, alimtetea Castellani. Ukweli, kwa kadiri unavyoweza kupimwa sasa, ni kwamba Castellani aliona kwanza, na Bruce alielewa kwanza. Kuona bila ya kuelewa kungeweza kupotea katika daftari. Lakini bila ya tone lile la Novemba, Bruce angeweza kupoteza mwaka mzima akimtafuta bakteria.

Alipoelewa, Bruce hakupoteza hata siku. Kama nagana huletwa na mbung'o, basi malale pia lazima yana mbung'o wake. Aliomba msaada kwa Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, kwa wamisionari na kwa maofisa wa utawala. Watu wa kawaida, ambao majina yao hayakuingia katika ripoti, walitumwa kila upande kukamata nzi na kuwapeleka Entebbe pamoja na habari za mahali walikokamatwa na kama kuna wagonjwa. Bruce aliweka alama kwenye ramani mbili, moja ya nzi na nyingine ya maradhi. Zilipolinganishwa zilifanana: malale yalifuata ukanda mwembamba wa ufuo na visiwa ambako mbung'o aitwaye Glossina palpalis aliishi, na penye nchi kavu isiyo na nzi huyo hapakuwa na mlipuko. Nyani walioumwa na nzi waliolishwa kwa wagonjwa waliugua. Kufikia Agosti 1903 Bruce alikuwa njiani kurudi nyumbani, na swali kuu lilikuwa limejibiwa katika muda wa miezi 5.

Kilichokuwa kikitokea ndani ya vichwa vya wagonjwa kilichunguzwa London. Frederick Mott, mtaalamu wa maradhi ya ubongo, alipokea vipande vya ubongo wa watu waliofariki kwa malale. Aliona mishipa midogo ya damu imezungukwa na makundi ya chembe za uvimbe, kama koti, karibu katika kila sehemu ya ubongo. Aliona pia chembe kubwa za ajabu zilizojaa viputo, ambazo hadi leo huitwa kwa jina lake. Ubongo haukuwa umeoza wala kupasuka. Ulikuwa umevimbishwa polepole na vita kati ya mwili na wageni waliouvamia.

Mtu aliyewahi kumwuguza mzee mwenye ugonjwa wa Parkinson angeweza kudanganyika akiwatazama baadhi ya wagonjwa hao. Mkono hutetemeka, hatua huwa fupi na za kuburuta, maneno hutoka kwa shida, uso hukosa mabadiliko, usingizi huvurugika. Viungo vya ubongo vinavyoratibu mwendo huguswa katika maradhi yote mawili, lakini kwa njia tofauti kabisa. Katika Parkinson, ambayo daktari James Parkinson wa London aliieleza mwaka 1817, chembe za sehemu ndogo nyeusi iliyo ndani sana ya ubongo hufa zenyewe, na kemikali iitwayo dopamini huadimika. Tangu mwaka 1987, timu ya Alim Louis Benabid ilipoonyesha njia huko Grenoble, Ufaransa, madaktari wamekuwa wakipitisha nyaya nyembamba hadi kwenye vituo hivyo vya ndani, zikiunganishwa na kifaa chenye betri kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua. Umeme mdogo hutuliza mtetemeko. Chembe zilizokufa, hata hivyo, hazifufuki, na zinazoendelea kufa hazizuiwi.

Kwa mgonjwa wa malale umeme hausaidii kitu, kwani adui yungali hai ndani. Anachohitaji ni dawa inayoweza kuupita ukuta wa ubongo, na jambo hilo liliwatesa waganga tangu enzi za Bruce. Robert Koch, mwalimu wa wanabakteria wote wa zama zile, aliyemfundisha Bruce mwenyewe mjini Berlin, alikuja visiwa vya Ssese mwaka 1906 na kuwadunga wagonjwa atoksili, dawa ya aseniki. Wengine walipata nafuu kwa muda. Wengine walipofuka. Suramini ya miaka ya 1920 ilisafisha damu lakini haikuingia ubongoni. Melasoproli, iliyopatikana mwaka 1949, iliingia, nayo pia ilikuwa ya aseniki: ilichoma mishipa, iliyeyusha sindano za plastiki, na katika kila wagonjwa 100 iliwaua wapatao 5 kwa kuuvimbisha ubongo uleule uliotakiwa kuokolewa. Kwa miongo mingi familia za Busia zilizompeleka mtu wao Alupe akiwa katika hatua ya pili ziliipokea dawa hiyo, kwa sababu hapakuwa na nyingine, na kimelea cha huku huua kwa miezi, si kwa miaka.

Mwaka 1908 Bruce alipewa cheo cha Sir na kurudishwa Uganda. Alipiga kambi Mpumu, upande wa Chagwe, hadi mwaka 1910. Nchi aliyoikuta haikuwa ile aliyoiacha. Gavana Hesketh Bell alikuwa ameamuru watu waondolewe ufukweni na visiwani, nyumba zikaachwa na mitumbwi ikakatazwa. Amri za namna hiyo ziliwafikia pia watu wa mwambao wa upande wa Kenya. Kwa wavuvi ilikuwa sawa na kunyang'anywa shamba na ghala kwa siku moja. Vifo vilipungua, hilo haliwezi kukanushwa, ingawa njaa na uchungu wa waliohamishwa havikuwekewa ramani na mtu yeyote.

Hapo Mpumu Bruce alilazimika pia kurekebisha kosa lake. Mwaka 1903 aliamini kwamba nzi hubeba vimelea mdomoni tu, kama sindano chafu, na hukoma kuwa hatari baada ya saa chache. Mjerumani Friedrich Kleine, akifanya kazi katika ardhi ambayo leo ni Tanzania, alionyesha kuwa sivyo. Kimelea hukua na kubadilika tumboni mwa mbung'o kwa siku nyingi, na baada ya hapo nzi hubaki na sumu yake hadi kufa. Bruce alirudia majaribio, akakubali. Zaidi ya hayo, nzi waliokamatwa katika fukwe zilizokwisha kuhamwa na watu walikutwa bado wana vimelea. Wanyama walikuwa wakikihifadhi.

Hilo lilimpeleka kwenye safari yake ya mwisho ya Afrika, Nyasaland, ambayo ni Malawi ya leo, kati ya mwaka 1911 na 1913. Huko alisisitiza kwamba kimelea cha malale makali, rhodesiense, ni kilekile cha nagana, kwa hiyo wanyamapori ni hatari kwa watu. Wajerumani walimbishia, na daktari wao Max Taute alifika hadi ya kujidunga damu yenye brucei bila ya kuugua. Sayansi ya baadaye imewagawia wote haki. Damu ya binadamu ina protini inayoiua brucei ya kawaida. Aina ya rhodesiense ni ndugu yake aliyepata jeni moja ya kujikinga na protini hiyo. Kwa hivyo Taute alipona, na Bruce hakuwa mbali na ukweli.

Ukweli huo uliwarudia watu wa Nyanza na Busia kwa njia ambayo Bruce hakuishi kuiona. Taasisi ya Afrika Mashariki ya kuchunguza maradhi ya tripanosoma ilijengwa nje ya mji wa Tororo, mwendo mfupi tu kutoka Malaba. Mwaka 1958 kimelea cha malale ya binadamu kilipatikana katika damu ya pongo huko Nyanza ya Kati. Malale yalipolipuka Alego katikati ya miaka ya 1960, R. J. Onyango na wenzake wa Tororo walikikuta katika ng'ombe, na mwaka 1966 wakachapisha matokeo yao. Mbung'o walikuwa wameacha ufuo na kuingia katika vichaka vya mlantana vilivyozunguka maboma. Mfugaji hakuhitaji tena kwenda mtoni ili kuumwa. Ng'ombe wake mwenyewe, aliyenunuliwa mnadani akiwa na afya, alitosha kuleta msiba uani.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ilianzisha taasisi yake, KETRI, na wagonjwa wa upande huu wakawa na Alupe yao. Wakati huohuo Busoga ilikuwa imeingia katika mlipuko mpya uliosambaa hadi Tororo na kuvuka mpaka. Katika wodi za Alupe kila mgonjwa alichomwa sindano ya uti wa mgongo, kwa maji yaleyale ambayo Castellani aliyatazama Entebbe, ili ijulikane kama ubongo umeguswa. Kando ya mito mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi ilitundikwa, na ng'ombe wakapakwa na kudungwa dawa. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa na kugunduliwa nchini alipatikana mwaka 2009, wakafuatia wageni wawili walioambukizwa Maasai Mara mwaka 2012. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tishio tena la afya ya umma nchini Kenya, nchi ya 10 kufikia hatua hiyo. Dawa pia imebadilika: mwaka 2024 shirika hilo lilipendekeza feksinidazoli, vidonge vya kumeza, kwa aina ya rhodesiense, na aseniki ikaanza kuondoka katika makabati ya hospitali.

Bruce hakurudi tena Afrika Mashariki. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta akiwa mkuu wa chuo cha udaktari wa jeshi huko London, ambako aliongoza kamati za pepopunda na homa ya mahandaki, na majeruhi wengi waliokoka kwa chanjo alizozishikilia. Alistaafu mwaka 1919. Kifua kilichomkatisha ndondi akiwa kijana kilimsumbua hadi uzeeni, na majira ya baridi aliyatumia kisiwani Madeira. Watu waliomtembelea walimkuta bado mkali, bado akiwakatiza wenzake katikati ya sentensi, lakini mpole mbele ya mkewe. Castellani, kwa upande wake, alipanda ngazi katika Italia ya Mussolini, akasimamia huduma za tiba za jeshi lililoivamia Ethiopia mwaka 1935, na akafariki Lisbon mwaka 1971, bado akiisimulia Entebbe kwa namna yake.

Mary Bruce alifariki tarehe 23 Novemba 1931. Siku 4 baadaye, wakati ibada ya mazishi yake ikiendelea, Sir David naye akakata roho akiwa na umri wa miaka 76. Katika siku zake za mwisho alikuwa ameomba kwamba yeyote atakayeandika habari za maisha yake aeleze wazi kiasi cha kazi iliyokuwa ya Mary. Miili yote miwili ilichomwa kwa desturi ya huko, na majivu yao yakazikwa pamoja Stirling, chini ya msalaba mmoja.